Nani Amesimama Mlangoni mwa Shule?

Masomo ya kusoma nyumbani: Ezekieli 33:1-6, 1 Samweli 2:22-25 na 3:10-18, Nehemia 4:9

  

Neno la leo limetokana na swali. Mama mmoja wa kanisa alikuja kwetu baada ya ibada. Dada yake alipelekwa Marekani na familia yake kutoka kambi ya wakimbizi, na sasa watoto wanasoma huko. Dada huyo alimweleza kwa simu kwamba katika shule ya watoto wake kuna polisi mwenye bastola ambaye kazi yake ya kila siku ni pale pale shuleni. Mama akatuuliza: "Watumishi, kwa nini kanisa lisiombe serikali ituwekee polisi mmoja kila shule? Watoto wetu si wangekuwa salama?"

Swali hilo ni zuri, na halikutoka kwenye udadisi. Kila asubuhi tunamfunga mtoto vifungo vya shati, tunamwambia, "Nenda na Yesu," kisha tunabaki na wasiwasi moyoni hadi arudi. Hatukutaka kumjibu haraka. Tulikaa, tukasoma yaliyotokea huko Marekani, tukasoma Neno, halafu tukajikagua na sisi wenyewe. Haya ndiyo tuliyopata.

1. Walivyofanya Marekani

Polisi wa shule walianza huko zamani, katika miaka ya 1950, mjini Flint katika jimbo la Michigan. Kusudi la mwanzo lilikuwa watoto na polisi wazoeane, mtoto asimwogope mtu wa sheria. Baadaye yakaja mashambulizi ya bunduki ndani ya shule, na kazi ikabadilika. Tarehe 20 Aprili 1999, katika shule ya Columbine jimboni Colorado, vijana wawili waliosoma pale pale waliwaua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja siku hiyo. Polisi wa shule alikuwepo. Alifyatuliana nao risasi akiwa nje, lakini hakuweza kuwazuia. Polisi wengine walipofika walizunguka jengo wakingoja kikosi maalumu. Tangu siku ile polisi wa Marekani wakaanza kufundishwa jambo moja: muuaji akiwa na watoto, usingoje, ingia.

Wapendwa, kulifahamu fundisho ni jambo moja. Kulitenda siku ya hatari ni jambo lingine.

2. Walinzi waliobaki nje

Tarehe 14 Februari 2018, katika mji wa Parkland, Florida, kijana aliyewahi kusoma katika shule ya Marjory Stoneman Douglas aliingia na bunduki. Kwa muda wa kama dakika sita tu watu 17 walikuwa wameuawa, wanafunzi 14 na watu wazima 3. Polisi wa shule alikuwepo, na silaha alikuwa nayo. Alifika karibu na jengo, akajificha nje, hakuingia. Baadaye alishtakiwa mahakamani, na mwaka 2023 mahakama ikamwona hana hatia mbele ya sheria. Sisi si mahakama, hatumhukumu. Lakini kila mzazi anayeisoma habari hii anajiuliza: kama si yeye aliyewekwa kuingia, ni nani?

Tarehe 24 Mei 2022 yakatokea makubwa zaidi katika shule ya msingi ya Robb, mji wa Uvalde, jimbo la Texas. Wilaya ile ya shule ilikuwa na kikosi chake cha polisi, na mpango ulioandikwa wa kukabili shambulizi ulikuwepo. Muuaji aliingia, naye hakukuta mlango uliomzuia. Polisi wa kwanza walifika ndani ya dakika chache. Waliusogelea mlango wa darasa, wakapigwa risasi, wakarudi nyuma. Kuanzia hapo wakangoja. Wakatafuta funguo, wakaleta ngao, wakaita wenzao. Watoto waliokuwa ndani na muuaji walipiga simu kuomba msaada. Wazazi nje walilia waruhusiwe kuingia, na wengine wakazuiwa na polisi hao hao. Zilipita dakika 77. Watoto 19 na walimu wao 2 waliuawa.

Kamati ya wabunge wa Texas ilipochunguza, ilihesabu walinzi wa sheria 376 waliofika mahali pale. Watu mia tatu na sabini na sita! Lakini hakukuwa na mmoja aliyesimama na kusema, "Mimi ndiye ninayeongoza, tuingieni." Tena kamati hiyo ikaandika kwamba mlango waliokuwa wakiutafutia funguo huenda haukuwa umefungwa. Na shuleni watu walikuwa wamezoea kuacha milango bila kuifunga kwa ufunguo; kitasa cha darasa moja kati ya yale yaliyovamiwa kilijulikana kuwa kibovu.

Hapo tulikumbuka Ezekieli 33. Bwana anamwambia nabii habari za mlinzi aliyewekwa na watu wa mji. Upanga unakuja, mlinzi anauona, lakini hapigi tarumbeta. Mtu akifa, Mungu ataitaka damu yake mkononi mwa mlinzi. Angalieni vizuri: mlinzi huyo hakukosa macho, na tarumbeta alipewa. Kilichokosekana ni kitendo.

Na tusiwasemee Wamarekani tu. Ni mara ngapi kanisani tumekuwa watu 376 mlangoni? Kila mmoja anajua kuna mtoto anaumia katika nyumba fulani, na kila mmoja anangoja mwingine aseme kwanza.

3. Mlinzi anaweza kugeuka tishio

Kuna upande mwingine ambao mama aliyetuuliza hakuusikia kwa dada yake. Mwezi wa Septemba 2019, mjini Orlando, Florida, polisi wa shule alimkamata mtoto wa kike wa miaka sita kwa sababu alisumbua darasani na kumpiga teke mtu mzima. Miaka sita! Alifungwa mikono akiwa analia, akapelekwa kituoni. Polisi yule alifukuzwa kazi, lakini machozi ya mtoto hayakurudi nyuma. Mahali penye polisi kila siku, kuna hatari kosa la mtoto ambalo mwalimu au mama angelimaliza kwa neno moja ligeuke kesi.

Kwa hiyo sare peke yake haimfanyi mtu kuwa mlinzi. Hapa kwetu hilo hatuhitaji kufundishwa. Wapo kati yetu waliookolewa na polisi mwenye moyo, na wapo waliomkimbia mwenye sare usiku.

4. Aliyekimbia kuelekea hatari, na aliyebaki mezani pake

Je, tuseme polisi hafai? Hapana. Tarehe 16 Mei 2018, katika shule ya sekondari ya Dixon, jimbo la Illinois, wanafunzi walikuwa wamekusanyika wakijiandaa kwa sherehe ya kumaliza masomo. Kijana aliyewahi kusoma hapo akaja na bunduki, akafyatua. Polisi wa shule, Mark Dallas, alimkabili mara moja, akamfukuza, akamjeruhi na kumkamata. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeumia. Mtu mmoja, aliyekuwa mahali pake, akafanya kazi yake. Tunamshukuru Mungu kwa polisi wa namna hiyo, huko na hapa.

Lakini ushuhuda uliotugusa zaidi ni wa mama asiye na sare. Tarehe 20 Agosti 2013, karibu na Decatur katika jimbo la Georgia, kijana wa miaka 20 aliingia katika ofisi ya shule ya msingi yenye wanafunzi zaidi ya 800. Alikuwa na bunduki ya kivita na risasi karibu 500. Mezani alikuwepo Antoinette Tuff, mtunza hesabu wa shule. Polisi walifika nje, kijana akawafyatulia risasi. Antoinette alibaki mle ndani, simu mkononi, akiwapelekea polisi maneno ya kijana na kumpelekea kijana maneno ya polisi. Na katikati yake akaanza kumhudumia yule aliyekuja kuua. Alimsimulia maisha yake mwenyewe: mume aliyemwacha baada ya miaka mingi, mtoto mwenye ulemavu, siku aliyotaka kujiua. Alimwambia kwamba anampenda, na kwamba atakuwa naye anapojitoa. Kijana akaweka bunduki chini, akalala sakafuni, polisi wakaingia. Hakuna aliyeumia.

Baadaye mama huyo alieleza kwamba alikuwa akiomba moyoni muda wote, na kwamba mchungaji wake alikuwa akifundisha kanisani jinsi ya kutia nanga katika Bwana. Haleluya! Mahubiri ya Jumapili yalikuwa kazini siku ya Jumanne. Lakini tuone pia kwamba hakuwadharau polisi. Maombi, simu na polisi vilifanya kazi pamoja, na kila mmoja alikuwa mahali pake. Nehemia 4:9 inatuonyesha mambo hayo hayo: watu walimwomba Mungu wao, na tena wakaweka walinzi mchana na usiku. Anayeomba bila kuweka mlinzi amefanya nusu ya kazi. Na Zaburi 127 inamwonya yule anayeweka mlinzi bila kuomba.

5. Tarumbeta iliyo katika kinywa cha mtoto

Sasa tufike mahali penye uzito. Idara inayomlinda rais wa Marekani ilishirikiana na wizara ya elimu kuchunguza mashambulizi 37 ya shule yaliyotokea kati ya 1974 na 2000. Ripoti yao ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba mara nyingi kabla ya shambulizi kulikuwa na mtu aliyejua, na mara nyingi aliyejua alikuwa kijana mwenzake au mwanafunzi mwenzake. Mwaka 2021 idara hiyo ikatoa ripoti nyingine, juu ya mipango 67 ya kushambulia shule iliyozuiwa kabla damu haijamwagika. Ilizuiliwa kwa sababu watu waliona jambo wakasema, na wengi wao walikuwa rafiki na wanafunzi wenzake wa yule aliyepanga. Lakini kule Parkland mtu alipiga simu kwa polisi wa upelelezi wa taifa, FBI, zaidi ya mwezi mmoja kabla, akamtaja kijana yule na bunduki zake. Neno lile halikupelekwa kwa waliopaswa kulifuatilia, na FBI yenyewe ilikubali kosa.

Kumbe watoto hulindwa kwanza na sikio, hata kabla ya bunduki ya polisi.

Biblia ilitangulia kusema hayo. Fungueni 1 Samweli. Eli alikuwa kuhani, na tunamkuta ameketi kwenye kiti karibu na mwimo wa mlango wa hekalu. Yeye ndiye mtu wa mlangoni. Lakini wanawe, watumishi wa mahali patakatifu, waliwaharibu wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Eli alisikia habari hizo kwa watu wote. Aliwasemesha kwa maneno, lakini hakuwazuia. Basi Mungu akampita mzee, akazungumza na mtoto. Na jambo jema tunaloliona kwa Eli siku ile ni kwamba asubuhi alimwita Samweli, akamtaka amweleze yote bila kumficha hata moja, ingawa lile neno lilikuwa hukumu ya nyumba yake mwenyewe.

6. Kosa letu

Wapendwa, hapa hatuwezi kuhubiri kana kwamba sisi tulikuwa Samweli. Sisi tulikuwa Eli.

Miaka michache iliyopita binti mmoja wa ECODIM, mwenye miaka 12, alimwambia mwalimu wake kwamba zamu wa shule yao anawaita wasichana katika kibanda chake baada ya masomo, akiwapa bonbon. Mwalimu akaleta neno hilo kwetu. Nasi tulimfahamu zamu yule. Alikuwa mtu mzima, anakuja ibadani, anasaidia kupanga viti. Tukasema, "Tusichafue jina la mzee wa watu." Tukamwita binti, tukamwombea, tukamwambia awaheshimu wakubwa. Kisha tukaenda kwenye mkutano mwingine.

Binti akaacha kwenda shule. Mama yake alidhani ni uvivu. Siku ukweli ulipotoka, ilijulikana kwamba hakuwa peke yake. Familia ya yule mtu ikaja na mbuzi na pesa, na baadhi yetu, tunasema kwa haya, tulikuwa tayari kukaa katikati ili "mambo yaishe kikristo." Mama akakataa. Akafunga kitenge chake, akampeleka binti hospitali, halafu polisi. Polisi mwanamke akawapokea, akamsikiliza mtoto bila kumkemea, akaandika yote. Mtu yule alikamatwa.

Tulimwomba mama yule na binti yake msamaha mbele ya kanisa. Walitusamehe. Lakini binti hapiti tena njia ile, anazunguka mbali kufika shule yake mpya. Kila tunapomwona anazunguka, tunakumbuka kwamba tarumbeta ilipigwa masikioni mwetu nasi tukaifunika kwa maombi. Maombi hayakupewa kazi hiyo.

Ndiyo maana jibu letu kwa mama aliyeuliza ni hili: polisi mwema karibu na shule ni baraka, tumwombe na tushirikiane naye. Lakini kabla ya kumwuliza gavana nani atasimama mlangoni, tuulize nani amesimama pale leo, na mtoto akisema, nani atamsikia.

7. Tufanye nini juma hili

Kwanza, mjue zamu wa shule ya mtoto wako. Ni nani, alitoka wapi, nani alimdhamini? Komite ya wazazi inayo haki ya kumuuliza direkta. Na tukubaliane kwamba hakuna mtu mzima, awe zamu, mwalimu, prefe au mchungaji, anayekaa na mtoto peke yake mahali pamefungwa.

Pili, tumlipe. Zamu asiyepata mshahara miezi mitatu ataondoka mlangoni kutafuta chakula, au ataufungua mlango kwa mwenye pesa. Wazazi wakitoa franga kidogo kidogo kwa ajili ya mlinzi, si kuipoteza.

Tatu, tukague milango. Geti linafungwa? Choo cha wasichana kina komeo kwa ndani? Mafundi wa kanisa wanaweza kurekebisha kitasa kwa Jumamosi moja. Uvalde imetufundisha bei ya kitasa kibovu.

Nne, kila ECODIM iteue watu wawili, mama na papa, wanaojulikana kwa watoto wote kama watu wa kusikiliza. Mtoto akisema jambo, liandikwe siku ile ile, wala asiulizwe mbele ya yule anayemtaja. Mzazi ajulishwe siku ile ile.

Tano, tumfahamu mkuu wa polisi wa mtaa wetu kabla ya shida. Wachungaji, direkta na shefu wa mtaa waende pamoja kumsalimu na kuchukua namba yake ya simu. Tumwombe apite njia ya shule wakati wa kuingia na kutoka. Makelele ya darasani tumwachie mwalimu. Lakini mtoto akiharibiwa, hiyo ni kesi ya polisi na mahakama. Nchi yetu inayo sheria ya mwaka 2006 juu ya makosa hayo, na sheria ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto. Mbuzi hawezi kulipa, na kanisa lisikubali tena kuwa mahali pa kufunika.

Sita, mwenye silaha asifanye shule kuwa kambi. Nchi yetu ilijiunga mwaka 2016 na tamko la kulinda shule wakati wa vita lililotolewa Oslo mwaka 2015. Ikitokea watu wa silaha wanataka kulala madarasani, viongozi wa makanisa waende pamoja, kwa heshima, kuzungumza na mkubwa wao. Asiende mtu mmoja peke yake.

Na leo jioni, kabla ya kulala, kaa na mtoto wako. Zima redio, hata hii yetu. Muulize: "Mwanangu, shuleni kuna mtu unayemwogopa?" Kisha unyamaze, umsikilize mpaka mwisho.

Tuombe

Bwana wetu, wewe ndiwe Mlinzi usiyesinzia. Tunawaleta kwako watoto wetu wanaokwenda shule kesho asubuhi, hapa kwetu na kule walikokimbilia ndugu zetu. Wafariji wazazi wa Uvalde, wa Parkland na wa kila mahali ambao kiti cha mtoto ni kitupu. Wape polisi wetu moyo wa kukimbilia alipo mtoto, na mikono isiyopokea rushwa. Utusamehe sisi tuliosikia tukanyamaza. Mponye binti yule anayezunguka njia. Tupe masikio ya kusikia tarumbeta hata ikipigwa na mdogo kuliko wote. Katika jina la Yesu. Amina.